Vifo vya Ghafla Katika Familia Zenye Figo za Vifuko: Hotuba kwa Watumishi wa Afya na Familia za Wagonjwa, Mbeya

Ndugu mgeni rasmi, waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya mliotoka Rungwe, Kyela, Mbarali na Chunya, wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na ninyi ndugu wa wagonjwa mliosafiri kutoka mbali kuja kutusikiliza, nawasalimu nyote.

Wenzangu waliotangulia wameshazungumza vizuri kuhusu figo kushindwa kazi, gharama za kusafisha damu na namna ya kutunza figo zilizobaki. Mimi nitazungumzia jambo moja tu, mshipa wa damu ubongoni kuvimba na kupasuka, ambalo hutokea kichwani kwa mtu ambaye sote tunaamini ugonjwa wake uko kiunoni.

Upo ugonjwa wa figo wa kurithi ambao kitaalamu huitwa polisistiki. Figo zote mbili huota vifuko vya maji, vidogo na vichache mwanzoni, kisha vikubwa na vingi kadiri miaka inavyokwenda, mpaka figo ambayo kwa kawaida ni ya ukubwa wa ngumi inajaza upande mzima wa tumbo. Wagonjwa walio wengi wana hitilafu katika jeni, yaani maelekezo ya kurithi yaliyomo ndani ya seli, iitwayo PKD1, iliyoko kwenye kromosomu ya 16, moja ya nyuzi zinazobeba jeni. Wengi wa waliobaki wana hitilafu katika PKD2, iliyoko kwenye kromosomu ya 4. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi, awe wa kike au wa kiume, awe kifungua mimba au kitinda mimba. Asiyeurithi hawezi kuwapa wanawe. Wapo pia wachache ambao hitilafu imeanzia kwao wenyewe bila mzazi yeyote kuwa nayo.

Niseme neno kwa wale ambao wamewahi kupimwa ultrasaundi wakaambiwa wana kifuko kimoja kwenye figo, wakarudi nyumbani wakiwa wameshaanza kuandika wosia. Kifuko kimoja au viwili kwa mtu mzima wa makamo ni jambo la kawaida na mara nyingi hakina madhara. Kwa mtu ambaye mzazi wake ana ugonjwa huu, madaktari huhesabu vifuko kwa kuzingatia umri: vitatu au zaidi vinatosha kwa mwenye miaka 15 hadi 39, ilhali mwenye miaka 40 hadi 59 anatakiwa awe na angalau viwili katika kila figo, na aliyefikisha 60, vinne katika kila figo.

Sasa tuje kichwani. Protini zinazotengenezwa na jeni hizi, ziitwazo polisistini, hazikai kwenye figo peke yake. Zinapatikana pia kwenye kuta za mishipa ya damu, na pale zinapokuwa na kasoro, ukuta wa mshipa unaweza kupungukiwa uimara. Chini ya ubongo mishipa mikubwa inayopanda kutoka shingoni huungana na kufanya duara ambalo daktari Mwingereza Thomas Willis alilieleza mwaka 1664. Kwenye maungio ya duara hilo, mahali mshipa unapogawanyika na damu kupiga ukuta kwa nguvu zaidi, sehemu dhaifu huweza kusukumwa nje ikafanya kijifuko, kama vile mpira wa ndani wa baiskeli unavyotokeza pale tairi lilipochanika. Uvimbe huo ndio unaoitwa anyurizimu. Unaweza kukaa miaka mingi bila kuuma na bila kumsumbua mwenye nao. Ukipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo, na hapo mambo huwa ya saa, wala si ya siku.

Katika watu wazima kwa ujumla, takriban 3 katika kila 100 wana uvimbe wa namna hii bila kujua. Kwa wenye figo za vifuko, tafiti nyingi zinaonyesha kati ya 9 na 12 katika kila 100. Naomba takwimu hii isikilizwe kwa pande zake zote mbili. Ni hatari kubwa mara tatu au nne kuliko ya jirani, na ndiyo sababu nimesimama hapa. Lakini pia maana yake ni kwamba wagonjwa karibu tisa katika kumi hawana uvimbe wowote kichwani, na hata wenye nao, wengi wana ule mdogo, usiofika milimita 7, ambao uwezekano wake wa kupasuka ni mdogo. Hofu ya jumla haitamsaidia mtu. Kinachosaidia ni kujua nani hasa yumo katika kundi la hatari zaidi, na hapo ndipo penye jambo langu la leo.

Hatari hii haigawanyiki sawasawa. Inafuata familia. Mgonjwa wa figo za vifuko ambaye ndugu yake wa damu aliwahi kuvuja damu ubongoni au alionekana na anyurizimu, uwezekano wake wa kuwa nao unafika takriban 20 katika 100. Asiye na ndugu wa namna hiyo, ni kama 6 katika 100. Na wanaopasukiwa, wengi hupasukiwa wakiwa na miaka 40 hivi, mapema kwa karibu miaka kumi kuliko watu wasio na ugonjwa huu. Ndiyo maana mwongozo wa KDIGO, shirika la kimataifa linaloandaa miongozo ya tiba ya figo, uliotolewa mwaka 2025 unapendekeza kipimo cha kichwa kwa mgonjwa ambaye mwenyewe aliwahi kuvuja damu ubongoni, au ambaye familia yake ina historia ya anyurizimu, ya kuvuja damu ubongoni, au ya kifo cha ghafla ambacho hakikuelezeka, mradi tu hali yake inaruhusu kutibiwa uvimbe ukionekana.

Kifo cha ghafla ambacho hakikuelezeka. Niambieni, ni familia gani katika nyanda hizi isiyokuwa nacho hata kimoja?

Hatuna rekodi za hospitali za wajomba na mashangazi zetu waliofariki mwaka 1988. Tulichonacho ni kumbukumbu za msibani, na kumbukumbu hizo zimehifadhiwa kwa maneno mawili matatu ambayo yanafunga mlango: presha ilimpanda, alianguka tu, kuna mkono wa mtu. Sisemi hili kwa kumcheka yeyote. Mtu mzima wa miaka 41 aliyekunywa chai asubuhi akiwa mzima, na saa kumi jioni watu wanachonga jeneza, lazima familia itafute sababu, na kama hakuna aliyewapa sababu ya kitabibu, watachukua iliyopo. Lakini kwetu sisi watumishi wa afya, nyuma ya kila neno la namna hiyo kuna maelezo ambayo yangeweza kuamua kama mtoto wa marehemu apelekwe kupimwa au la.

Hata urithi wa ugonjwa wenyewe ulithibitishwa kwa njia hii ya kufuatilia familia. Daktari wa Denmark, Ole Dalgaard, katika utafiti alioutoa mwaka 1957, alifuata wagonjwa 284 pamoja na familia zao, akaonyesha namna ugonjwa unavyotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Jeni ya PKD1 ilipatikana mwaka 1994, miaka zaidi ya thelathini baadaye. Maana yake, kazi kubwa ilishafanyika kwa kuuliza nani alikuwa mtoto wa nani na alikufaje, kabla mtu yeyote hajaiona jeni kwenye maabara.

Kwetu kuuliza huko kuna ugumu wake, na mmoja nauona mara kwa mara. Tunahesabu ukoo kwa upande wa baba. Ugonjwa huu hauhesabu hivyo. Binti aliyeurithi kwa baba yake Iringa akaolewa Tukuyu, anaupeleka kwenye ukoo mwingine. Watoto wake wanatumia jina la ukoo wa baba yao, na siku akifa, anazikwa kwa mume na kifo chake kinasimuliwa kama tukio la kule. Kaka zake waliobaki Iringa watakuambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba katika ukoo wao hakuna kitu kama hicho. Historia moja ya ugonjwa imekatwa vipande viwili na kuhifadhiwa katika koo mbili ambazo hukutana kwenye harusi tu, tena kwa haraka.

Nieleze mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo madogo ili mhusika asitambulike. Mama mmoja mwenye figo za vifuko alikuja kliniki akisindikizwa na binti yake. Nilimuuliza kama kuna ndugu aliyewahi kupata matatizo ya mishipa ya ubongo, akajibu haraka, "Hapana, daktari, kwetu hakuna." Swali langu lilikuwa la kitabu, nikapata jibu linalolingana nalo. Basi nikachukua karatasi, nikachora duara kwa ajili yake, mraba kwa ajili ya mume wake, nikaanza kupanda juu: baba, mama, walizaa wangapi, nani yuko hai, aliyefariki alifariki akiwa anafanya nini. Tulipofika kwa kaka yake wa pili akasema, "Huyo alirogwa." Nikamwomba anisimulie siku yenyewe. Walikuwa wakivuna viazi. Kaka aliweka jembe chini, akashika kisogo, akasema kichwa kinapasuka, akakaa kwenye tuta, akatapika, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, na hakuiona kesho yake. Umri? Hakuujua, lakini alikumbuka kwamba mtoto wake wa pili ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza. Kalamu yangu ilikuwa bado iko juu ya ule mraba binti akasema, "Mama, na mama mdogo wa Makambako je?" Mama mdogo wa Makambako, tuliambiwa, alikufa kwa homa ya uti wa mgongo. Shingo ilikuwa imekakamaa. Binti, ambaye ndiye aliyemuuguza, alisema mwili haukuwa na joto hata kidogo.

Siwezi kuthibitisha kilichowaua watu hao wawili. Hakuna aliyewapiga picha ya kichwa na hakuna aliyewachunguza. Lakini karatasi ile ilitosha kabisa kumfanya mama yule, na baadaye wanawe waliothibitika kuwa na ugonjwa, wapewe rufaa ya kipimo.

Kwa hiyo ninawaomba wenzangu wa zahanati tubadilishe swali. Tusiulize kama kuna ugonjwa fulani katika familia, kwa sababu ugonjwa ambao haukupewa jina hauwezi kukumbukwa kwa jina. Tuulize nani alikufa ghafla kabla ya kufikisha miaka 60. Tuulize alikuwa akifanya nini, alilalamika nini kwanza, kama alitapika, kama shingo ilikakamaa, kama alidondoka kifafa ambacho hakuwahi kuwa nacho, kama jicho moja lilianza kufumba lenyewe siku za nyuma. Tuulize upande wa mama kwa urefu uleule tunaoulizia upande wa baba. Na tumuulize mzee aliyepo, kwa heshima zake, baada ya salamu zote kwisha, kwani bibi wa miaka 80 mwenye akili timamu ni jalada la familia ambalo hakuna ofisi ya masjala inayoweza kulifikia.

Kipimo chenyewe ni picha ya mishipa ya ubongo kwa mashine ya MRI, na habari njema kwa mgonjwa wa figo ni kwamba inaweza kupigwa bila kuchoma dawa yoyote ya kung'arisha mishipa. Wapo wenzetu katika nchi zenye mashine nyingi wanaotaka kila mgonjwa wa figo za vifuko apimwe kichwa. Kwa maoni yangu, kwetu hilo lingekuwa kosa: mashine ni chache, foleni ni ndefu, na tungewajaza hofu mamia ya watu wenye vijifuko vya milimita 3 ambavyo vingi havitapasuka kamwe, huku yule mwenye kaka aliyefia kwenye tuta la viazi akisubiri zamu nyuma yao. Wapimwe kwanza wenye historia. Waongezwe wale ambao kazi zao zinaweka maisha ya watu wengine mikononi mwao, kama marubani, na wanaojiandaa kwa upasuaji mkubwa. Watoto wadogo wasipelekwe, kwani kwao anyurizimu ni nadra sana. Mwenye historia katika familia ambaye picha yake imetoka safi anaweza kurudia baada ya miaka 5 hadi 10.

Uvimbe ukionekana, daktari wa upasuaji wa ubongo atazingatia ukubwa wake, mahali ulipo, umbo lake na umri wa mgonjwa. Mdogo mara nyingi hufuatiliwa tu kwa picha za vipindi. Unaotishia huzibwa kwa moja ya njia mbili: kufungua fuvu na kuubana uvimbe pale unapoungana na mshipa kwa kibanio cha chuma, njia iliyoanza mwaka 1937 kwa mikono ya Walter Dandy wa Marekani, au kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi ubongoni na kuujaza uvimbe kwa nyuzi laini za platinamu. Kwa sisi wa huku, rufaa za namna hiyo kwa kawaida huelekea Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Ni safari ya zaidi ya kilometa 800, na ni afadhali mara elfu kuifanya mtu akiwa amekaa kwenye kiti cha basi kuliko akiwa amelazwa kwenye gari la wagonjwa.

Nizungumzie sasa siku ya kupasuka, kwa kuwa wengine hapa watakutana nayo kabla ya kukutana na MRI. Maumivu yake yana tabia moja inayoyatenga na maumivu mengine ya kichwa: hufika kileleni ndani ya dakika moja hivi. Mgonjwa anaweza kukuonyesha alipokuwa amesimama yalipoanza. Hufuatiwa na kutapika, shingo kukakamaa, kuumizwa na mwanga, au kupoteza fahamu. Angalieni sasa jinsi picha hii inavyotudanganya. Kichwa na kutapika, tunaandika malaria. Shingo, tunaandika homa ya uti wa mgongo. Tukimpima tunakuta 190 kwa 110, tunaandika presha na kumpa dawa aende nyumbani, ilhali presha hiyo inaweza kuwa imepandishwa na damu iliyomwagika. Mtu ambaye ana figo za vifuko, au ambaye mzazi wake anazo, akija na maumivu yaliyomjia kwa namna hiyo, apewe rufaa muda uleule kwenda penye CT-Scan, mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, hata kama kipimo cha malaria kimesoma chanya. Picha ya CT isiyo na dawa, ikipigwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, huiona damu hiyo karibu kila mara. Kadiri saa zinavyopita uwezo huo hupungua, na hapo huhitajika kuchukua maji ya uti wa mgongo. Uvimbe uliopasuka mara moja unaweza kupasuka tena, na hatari hiyo ni kubwa zaidi ndani ya saa 24 za mwanzo. Tusimwambie mgonjwa arudi kesho. Na tusimpe diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ambayo ni mbaya kwa figo zake na haifai kwa mtu anayevuja damu.

Kwa miaka yote kabla ya siku hiyo, kazi kubwa ni presha. Wagonjwa hawa hupanda presha mapema, wengi wakiwa na miaka thelathini na kitu, hata figo zikiwa bado zinachuja vizuri, na kijana wa umri huo anayebeba magunia sokoni Mwanjelwa hawezi kuamini kwamba ana ugonjwa wa wazee. Lengo la kawaida ni kuwa chini ya 130 kwa 80. Kwa vijana ambao figo zao bado ni nzima, utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kwamba kushuka hadi 110 kwa 75 au chini yake kulipunguza kasi ya figo kuvimba. Dawa za kundi la lisinoprili na losartani ndizo za kuanza nazo, isipokuwa kwa mama mjamzito, ambaye hatakiwi kuzitumia kabisa. Sigara iachwe, najua nawaambia hili watu waliotoka Chunya, ambako tumbaku imesomesha watoto, lakini kuvuta ni miongoni mwa mambo yanayojulikana wazi kuongeza hatari ya mshipa kupasuka. Pombe zetu za kienyeji, komoni na ulanzi, zikinywewa kwa kupitiliza pia huongeza hatari.

Limebaki la ndoa na la figo za kuchangia. Familia nyingi zinaficha ugonjwa huu wakiogopa mabinti wao hawataposwa, na siwezi kuwalaumu, ila siri hiyo huwafikia kwanza watoto wenyewe. Mtoto akifikisha umri wa kuamua, aelezwe faraghani, aachiwe achague kupima figo au kusubiri, na presha yake ipimwe kwa vyovyote vile. Ama upandikizaji, ulioanza Muhimbili mwaka 2017 na Dodoma katika Hospitali ya Benjamin Mkapa mwaka 2018, hutegemea ndugu kumchangia ndugu. Katika familia hizi ndugu anayejitolea kwa upendo mkubwa anaweza kuwa naye amebeba ugonjwa uleule, hivyo lazima athibitishwe kwanza kwamba hana.

Mwisho ni ombi kuhusu karatasi ya rufaa. Nyingi zinazofika zimeandikwa "maumivu ya kichwa, presha" basi. Daktari wa zamu anayepokea wagonjwa wengi usiku ataisoma kama zilivyo nyingine. Mstari huu mmoja utamfanya ainuke: "Ana figo za vifuko, kichwa kilimuuma ghafla leo saa 4 asubuhi akiwa shambani, mjomba wake, upande wa mama, alifariki ghafla akiwa na miaka 40 hivi baada ya kulalamika kichwa." Andikeni na namba ya simu ya ndugu aliyesimulia, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda akafika akiwa hawezi tena kuongea.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.